Kadi ya Mwili Wako Anayo Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Roboti, Nakala na Makampuni

Toleo lililopita niliuliza kaswali kamoja chini ya ukurasa: kampuni ikikutengenezea mwili mpya au ikakupandikizia kumbukumbu, we bado ni wewe au ushakuwa mali yao? Nikajua watajibu walewale wa siku zote. Wapi. Barua zimekuja nyingi mpaka imebidi nichague, na zingine nimezikata manake kuna ndugu yetu wa Manyoni kaandika karibu kitabu kizima na swali lenyewe silioni liko wapi. Alafu angalizo, humu ndani naeleza miisho ya hadithi, siwezi kuzunguka, kwa hiyo kama tamthilia ya Severance bado hujaimaliza ruka barua ya tatu.

*Shikamoo anko. Sisi hapa hosteli tumebishana mpaka watu hawasalimiani. Ni kuhusu Blade Runner, ile ya zamani. Mwenzangu anasema Deckard, yule anayewinda watu bandia, na yeye ni bandia. Mi nasema ni mtu. Tumewekeana chipsi kuku. Nani kashinda?*
*Mwanachuo, Ng'ong'ona, Dodoma*

Marahaba. Chipsi kuku mgawane, manake inategemea kila mtu kaangalia kopi ipi. Muvi ilitoka 1982 ikiwa na sauti ya Deckard anajisimulia, na mwisho wa furaha, vitu ambavyo wenye hela zao walitaka viwepo. 1992 ikatoka nyingine bila hayo makorokoro, na humo kuna ndoto ya farasi mwenye pembe moja, alafu 2007 ikatoka ile ambayo mwongozaji Ridley Scott ndo kairidhia kabisa. Ukiona ile ndoto, na mwishoni ukaona kile kikaratasi kilichokunjwa umbo la farasi huyohuyo, unajiuliza mtu mwingine kajuaje ndoto yako. Scott anasema Deckard ni bandia. Harrison Ford, aliyemwigiza Deckard, alimbishia wakati wanashuti. Na kwenye kitabu cha Philip K. Dick cha 1968, ambacho ndo muvi imetoka humo, Deckard ni mtu tu, ana mke, ana kondoo wa umeme juu ya paa na roho inamuuma anatamani mnyama hai.

Ila wanangu mnabishania kona ndogo ya hiyo muvi wakati katikati mnapaacha. Mtazameni Rachael. Huyu dada anaenda kwa Deckard na picha ya utotoni, yuko na mama yake, anataka kuthibitisha kwamba ni mtu. Deckard anamtajia mambo ya utotoni ambayo hajawahi kumwambia yeyote. Kumbe kumbukumbu zote ni za mpwa wa Tyrell, mwenye kampuni, zimehamishiwa kwake. Na Tyrell haoni haya kueleza sababu: ukiwapa hawa viumbe maisha ya nyuma wanatulia, na wakitulia ni rahisi kuwaendesha. Yaani mama yake Rachael kwenye ile picha ni kifaa cha kazini. Mtu bandia au mtu kweli, hilo kwangu linakuja baadaye, la kwanza ni kwamba kuna ofisi inajua utoto wako kuliko wewe na imeuweka humo kwa faida yake.

Kwenye kitabu ni baya zaidi, kampuni inaitwa Rosen, na Rachael anatumwa kulala na hao wawindaji ili wakishamaliza washindwe kuua wa aina yake. Mapenzi yenyewe ni mkakati wa kampuni. Na mkiwa na bando tafuteni Blade Runner 2049 ya mwaka 2017. Kuna binti wa taa, picha ya mwanga inayoongea, anauzwa kama bidhaa, anampa aliyemnunua jina, Joe, jamaa anafurahi kweli, manake maisha yake yote alikuwa anaitwa kwa herufi na namba. Baadaye anapita barabarani, tangazo kubwa la bidhaa ileile linamwita jina hilohilo. Pale mi nilisimamisha muvi nikatoka nje kidogo.

*Kaka habari za kazi. Mi ni boda hapa Nkuhungu, chombo cha mkataba, napeleka hesabu kila siku kwa tajiri, muda ukiisha ananipa kadi inakuwa yangu. Juzi nimecheki RoboCop kibanda umiza, imetafsiriwa. Nina maswali mawili. Kwanini asimpige risasi yule bosi mbaya tangu mwanzo, na je mkataba wake yeye unaisha lini?*
*Boda wa Nkuhungu*

Salama kaka. Hilo swali lako la pili nimelisoma kwa sauti hapa ofisini, watu wanaandika mambo marefu kuhusu hiyo muvi na hawaulizi hilo.

La kwanza. Murphy ni polisi wa Detroit, na polisi yenyewe inaendeshwa na kampuni inaitwa OCP. Anauawa kikatili, kampuni inachukua kilichobaki inatengeneza askari wa chuma. Kichwani kawekewa amri tatu anazozijua, hudumia umma, linda wasio na hatia, simamia sheria, na ya nne imefichwa. Ile ya nne inasema akijaribu kumkamata mkubwa wa OCP mwili wake unazima. Ndo maana alivyomfuata Dick Jones, yule bosi mbaya, ofisini akaanza kuanguka. Sio uoga wala huruma, ni mitambo.

Sasa angalia anavyotoka. Kwenye kile kikao cha mwisho Jones kamshika mzee mwenye kampuni mateka, Murphy kasimama na bunduki hawezi kitu, mpaka mzee anamwambia Jones umefukuzwa kazi. Hapohapo amri ya nne haimlindi tena Jones, kwa hiyo anapigwa anatoka dirishani. Watu wanashangilia kibanda kizima, ila fikiria, amri haijavunjika! Bado ipo kichwani. Kilichobadilika ni orodha ya wafanyakazi. Alafu mzee anamuuliza kijana unaitwa nani, anajibu Murphy, muvi inaisha, na tunaondoka tunasema kapata jina lake. Kalipata mbele ya mwenye mali, baada ya kumuokoa mwenye mali. Mi naona Paul Verhoeven aliyeitengeneza 1987 alijua kabisa anachofanya, anatupa furaha ambayo ukiitafuna vizuri ina mchanga.

La pili, mkataba wake hauishi. Kuna mahali wanaongea kabisa mbele yake akiwa kalala mezani, kwamba alisaini fomu alivyojiunga na kazi, kisheria ni marehemu, wamfanye watakavyo. Madaktari walishaokoa mkono wake mmoja mzima, bosi wa mradi akasema utoeni, tulikubaliana mwili wote uwe bandia. We kaka una siku ya kupewa kadi. Yeye kadi yake ilichapishwa jina la kampuni moja kwa moja, na spea wanazo wao, chakula anachokula kinatoka kwenye mashine yao.

Ukipenda kusoma, kuna vitabu vya Martha Wells vinaitwa The Murderbot Diaries, cha kwanza 2017, na 2025 vimekuwa tamthilia. Huko mlinzi wa kukodishwa, nusu mashine nusu nyama, kadukua mwenyewe kile kidude kinachomtawala, na uhuru wake anautumia kuangalia tamthilia masaa elfu na elfu, anajifanya bado mtiifu ili asiguswe. Nacheka kila nikikumbuka. Mwishoni mwa kile cha kwanza mteja mwenye roho nzuri anamnunua kutoka kwenye kampuni ili awe huru, ana nia safi kabisa. Na yeye anapanda meli ya mizigo kimyakimya, anamwachia ujumbe tu. Wengi wanauliza kwanini akimbie mtu mwema. Jibu we boda unalo, tajiri mzuri bado ni tajiri.

Alafu kwa kuwa umetaja kusaini, kuna programu za mikopo kwenye simu ukibonyeza nakubali zinaingia kwenye majina yote ya simu yako, ukichelewa kulipa mjomba wako wa Mpwapwa anatumiwa meseji kwamba we ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zinazofanya kazi bila leseni. Kabla hujabonyeza angalia kama ina leseni.

*Mi ni mtumishi hapa Mtumba. Naomba nikiri: hiyo operesheni ya kwenye Severance mi ningeifanya kesho. Niingie ofisini, nizime, niwake saa ya kutoka niko kwenye basi narudi Ilazo. Ubaya wake uko wapi?*
*Jina kapuni*

Jina kapuni kweli, bosi wako akisoma hapa tumekwisha.

Najua tunaongea utani lakini hiyo tamthilia, ambayo ilianza 2022, inakutega hapohapo unaposema ningeifanya. Mark kaifanya kwa sababu anaamini mke wake kafariki na hataki kulia masaa yote ishirini na manne. Nani atamlaumu? Wanakuwekea chipu kichwani, ukiingia na lifti ya kampuni yao, Lumon, kumbukumbu za nje zinakatika, ukitoka za ndani zinakatika. We unapata mshahara bila kazi. Lakini kuna mtu anabaki kule chini. Kwake hakuna usiku, hakuna jumapili, lifti inafunga inafungua ni asubuhi ya kazi tena. Hajawahi kulala, anasikia tu uchovu wa mwili umepungua. Anapewa zawadi za kitoto, sherehe ya mkate wa waffle, dakika chache za kucheza muziki na msimamizi wake.

Helly, dada mpya wa ofisi, anaomba kuacha kazi. Ombi linaenda kwa yeye mwenyewe wa nje. Anakataliwa. Anaomba tena, anatishia kujiumiza, na yule wa nje anamrekodia video anamwambia mimi ndo mtu, we sio mtu. Uso uleule, sauti ileile. Baadaye ndo tunajua wa nje ni mtoto wa mwenye kampuni. Mi sijaona mahali pengine ambapo hili swali la utambulisho limebanwa namna hii, manake kwenye Blade Runner kampuni inakukataa kwamba we ni mtu, huku kampuni imempata wa kukukataa ambaye ni wewe. Na sahihi kwenye karatasi ni yako.

Kwa hiyo ubaya wake bosi wangu ni kwamba ukiamka kwenye basi la Ilazo ukiwa fresh, kuna wewe mwingine hajaona jua la Dodoma maisha yake yote, na hilo jua lilivyo kali.

Wajapani waliligusa mapema. Ghost in the Shell, katuni ya kusoma ya Masamune Shirow ya 1989 na sinema ya Mamoru Oshii ya 1995. Meja Kusanagi mwili wake wote ni wa kiwandani, ubongo tu na hicho wanachokiita roho ndo vyake, na hata hivyo hana uhakika. Wako kwenye boti usiku na mwenzake, wanaongea kwamba ruhusa ya kuacha kazi wanayo, sharti warudishe miili na kumbukumbu zilizomo. Kule mwenye mali ni serikali lakini hesabu haibadiliki. Barua yako ya kuacha kazi unaiandika vizuri, unamshukuru mkurugenzi, alafu unakabidhi miguu.

*Mhariri, mi ni mama niko Kondoa. Mwanangu wa miaka kumi na nne kaniambia kwenye gemu lake kuna mtu ana mtu mwingine kichwani na kampuni inataka kununua roho yake. Nimeogopa. Ni mambo ya kishetani au ni nini?*
*Mama wa Kondoa*

Shikamoo mama. Sio ushetani, bila shaka ni Cyberpunk 2077, gemu la Wapolandi lililotoka Desemba 2020. Ila nikuambie ukweli, limewekewa alama ya kuanzia miaka 18, lina matusi, damu na mambo ya utu uzima, kwa hiyo kumwambia asubiri uko sahihi na mi ntakuunga mkono hata akininunia.

Kuhusu hilo la roho. Mhusika anaitwa V, chipu iliyoibwa kutoka kampuni ya Arasaka imekwama kichwani kwake na ndani yake kuna nakala ya mwanamuziki aliyekufa zamani, na hiyo nakala inamla taratibu. Kampuni inaweza kunakili akili ya mtu ikaihifadhi kwenye mashine zake. Kuna mwisho mmoja ambapo V akikubali kwenda kwao wanajaribu kumtibu inashindikana, wanamletea mkataba: saini tukuhifadhi mpaka siku tukipata mwili, au rudi nyumbani ufe ndani ya miezi sita hivi. Hapo gemu linafanya kitu ambacho muvi haiwezi. Muvi unamlaumu aliyesaini. Huku kidole ni cha mwanao, ndo anabonyeza.

Sasa mama, badala ya kumuuliza kwanini unacheza hayo, muulize alisaini au hakusaini, na kwanini. Anaweza kukushangaza. Alafu umfiche hilo gemu.

*Mnatujazia kurasa na mambo ya wazungu. Watu tunasubiri maji nyie mnaongelea roboti.*
*Msomaji, Chang'ombe*

Maji hata huku kwangu yametoka jana usiku, kwa hiyo sikupingi. Lakini hili la wazungu na la kubuni nikujibu.

Hadithi ya roboti tangu siku ya kwanza ni hadithi ya kampuni. Tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuonyeshwa Prague 1921, hizo herufi ni jina la kiwanda. Na roboti wake sio mabati, ni watu wa nyama wanaokorogwa kiwandani ili wafanye kazi bila kulipwa. Sisi na historia ya bara hili hatuhitaji mtu atufafanulie hapo.

Na mambo yenyewe yameshaanza. Kuna kampuni ya Marekani, Second Sight, ilikuwa inawapandikizia vipofu jicho la umeme linaitwa Argus II, zaidi ya watu 350 duniani. 2019 kampuni ikaacha kulitengeneza, 2020 ikaishiwa hela. Watu wakabaki na kifaa ndani ya jicho ambacho hakina fundi wala spea. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, biashara tu ilikufa, vifaa vikabaki machoni mwa watu. 2023 waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, na mojawapo ya hoja ni sura zao kunakiliwa kwenye kompyuta, chama chao kilidai studio zilitaka kumpiga picha mwigizaji wa pembeni, wamlipe siku moja, watumie sura yake milele, studio zikakanusha. Na Juni 2013 tamthilia ya Orphan Black iliwaonyesha akina dada walionakiliwa wakigundua kwamba hati miliki imeandikwa ndani ya vinasaba vyao, mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwenye kesi ya kampuni ya Myriad, kwamba vinasaba vya asili vya binadamu havimilikiwi. Mtu anapanga hayo?

Hata hapa, 2019 na 2020 tulipanga foleni kusajili laini kwa kidole, namba ya NIDA tarakimu 20, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ikatungwa 2022 na kuanza kazi Mei 2023. Yaani kidole kilitangulia, sheria ikafuata nyuma. Sisemi ni vibaya, nasema ndo mpangilio uliokuwepo.

Na wa kwetu wapo. Nnedi Okorafor ana riwaya Noor, 2021, dada wa Nigeria mwenye viungo vingi vya bandia anakimbizwa jangwani na kuna kampuni moja imeshika kila kitu. Mwaka huohuo ikatoka Neptune Frost, muvi ya muziki iliyopigwa Rwanda, inawahusu wachimba koltani wa Burundi, yale madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta, wanaogeuka wadukuzi, na ndani utasikia Kiswahili kidogo. Ile sio rahisi kuifuata nakuonya mapema, inakwenda kama ndoto, lakini inauliza kitu ambacho Hollywood haiulizi: wakati mnabishana kama roboti ana roho, aliyechimba madini ya kichwa chake mlimuuliza jina?

*Kaka, mi nalima zabibu Hombolo na naandika hadithi. Kuna kampuni inanunua kumbukumbu za mavuno za wakulima inawauzia watu wa mjini. Mkulima akishauza anasahau shamba lake liko wapi. Nataka bosi awe katili sana, ana jumba refu na walinzi. Unanishauri nini?*
*Mwandishi chipukizi, Hombolo*

Kumbukumbu za mavuno, hiyo imenikaa. Bosi mtoe.

Nasema kwa kuwa majumba marefu yameshaandikwa yakaisha, toka Tyrell mpaka leo. Angalia Moon ya Duncan Jones, 2009, muvi ya hela kidogo na karibu mwigizaji mmoja tu. Sam yuko mwezini peke yake, mkataba wa miaka mitatu, anachimba gesi ya nishati, anahesabu siku arudi kwa mke na mtoto. Anakuja kukutana na mwenzake mwenye uso wake. Wote ni nakala, ghalani wamo wengine wamelala, na zile video za mke ni za zamani sana. Huoni bosi anayecheka kwa ubaya. Kuna nyuso mbili za heshima kwenye skrini zinamwambia tunakushukuru kwa kazi nzuri. Kampuni imeona kutengeneza Sam mwingine ni rahisi kuliko kusafirisha mfanyakazi, basi, mtu wa uhasibu kapiga hesabu. Hiyo inatisha kuliko mlinzi na mbwa.

Kwa hiyo kwako awepo afisa anayekuja na pikipiki, kijana wa hapohapo, anawajua wazee wote na anaamkia vizuri, ana tableti ya kuweka kidole. Bei iwe nzuri, kweli nzuri, ada ya mtoto inalipika. Mkulima wa kwanza asijute. Na amua mapema kitu kimoja ambacho barua yako haijasema, kumbukumbu ikishauzwa, yule wa mjini aliyeinunua akija Hombolo akaonyesha shamba kwa kidole, mti wa wapi, mfereji wa wapi, na mwenye shamba hakumbuki, wazee wa kijiji wanamwamini nani? Anzia kwenye hicho kikao. Ikizidi kurasa kumi punguza, ukimaliza nitumie.